Ndia Kuu na Ulimi wa Muyaka

Mgeni anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngomeni hukutana na barabara nyembamba ipitayo kati ya nyumba za ghorofa, zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, kuelekea upande wa bandari ya majahazi. Barabara hiyo ni Ndia Kuu. Mgeni wa bara huenda akadhani kwamba aliyeandika jina hilo alikosea na kuiacha herufi, kwa kuwa shuleni amefunzwa kusema njia. Hapana kosa. Ndia ndilo neno letu watu wa Mvita, kama vile tusemavyo mato kwa macho na mtele kwa mchele. Bamba lile la barabara ni mojawapo ya mahali pachache ambapo lugha ya wazee wetu imeandikwa na Serikali kama ilivyotamkwa nao.

Leo nimependa tuizungumze Ndia Kuu na mitaa iliyoizunguka kwa kumzungumza mtu mmoja aliyekuwa ndiye ulimi wake. Naye ni marehemu Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mvita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1776, akafariki kiasi cha mwaka 1840. Hakuacha jumba lenye jina lake wala hapana sanamu yake iliyosimamishwa popote. Aliloacha ni maneno, na maneno hayo karibu yatupotee yote. Jinsi yalivyookoka ni hadithi inayotuhusu sisi tulio hai kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuutazame mji aliozaliwa. Nyumba nyingi tunazoziona leo katika Ndia Kuu zilijengwa baada ya zama za Muyaka, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walipoufanya mji huu makao ya utawala wao na biashara ya wafanyabiashara wa Kihindi ikapanuka, hasa ilipoanza kazi ya kujenga reli mwaka 1896. Lakini mashina ya mji yalikuwako zamani. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake wa duara uliochongoka juu, umekuwako tangu karne ya 16, na Muyaka aliusikia mwadhini wake kama tunavyomsikia sisi. Karibu na Ngome ulikuwako mtaa wa Gavana, na upande wa kaskazini ukawako Mji wa Kale wenyewe, makao ya wenyeji wa asili. Wenyeji hao walikuwa ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: tisa upande mmoja na matatu upande wa pili. Mataifa yale matatu, Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, ndiyo tuyaitayo Thelatha Taifa. Msomaji alitie moyoni jambo hilo la tisa na tatu, kwa kuwa ndilo lililokuja kuuvunja mji.

Juu ya mataifa hayo walikaa Mazrui. Hao walikuja kutoka Omani kuwa maliwali, kisha katika karne ya 18 wakajitenga na Omani na kuutawala mji wenyewe kwa mashauri na mashekhe wa mataifa. Utawala wao ulidumu kiasi cha miaka mia moja. Muyaka alizaliwa katikati ya utawala huo na akaishi hadi akauona mwisho wake.

Kabla ya Muyaka, utungo ulioandikwa na kuhifadhiwa pwani hii ulikuwa zaidi ni wa dini. Zilikuwako tenzi za vita vya Mtume, rehema na amani zimshukie, na kasida za kumsifu, na mawaidha juu ya dunia ipitayo. Wenye kazi hiyo walikuwa ni masharifu na wanavyuoni, hasa wa Pate, Siu na Lamu. Watu wa kawaida walikuwa na nyimbo zao, za ngoma na za kazi na za harusi, lakini hizo zilipita na upepo. Muyaka alilichukua shairi la beti za mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, akaliketisha barazani. Akalitia kila kitu ambacho watu wa barabara ile walikizungumza baina ya alasiri na isha: vita na maliwali, bei ya nafaka, mke aliyekasirika, rafiki aliyegeuka, jahazi lililochelewa, fumbo la kuwakoroga wenye akili. Hakuwa wa kwanza kutunga shairi, lakini yeye ndiye aliyelifanya kuwa mali ya mtu wa sokoni, nalo limebakia hivyo hadi leo.

Kwa hivyo tukitaka kuyajua maisha yake inatubidi tuyajue mambo yaliyoupata mji wake, kwa sababu yeye hakupitwa na lolote.

Jambo kubwa la kwanza lilikuwa ni vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812. Mombasa ilishirikiana na Pate kuipiga Lamu. Majeshi yakateremka Shela, wakapigana na watu wa Lamu, na waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waliuawa watu wengi mno, na katika nyumba za Mombasa na Pate uliwekwa msiba usiosahaulika. Kwa upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa vita na malenga vilevile. Basi baina ya miji hii miwili vita vya mashairi vilikwenda pamoja na vita vya panga. Muyaka alitunga kwa ajili ya Mvita, na Lamu ikajibu. Shairi lilikuwa ndilo gazeti la wakati ule. Lilipandishwa jahazini pamoja na shehena, likateremshwa bandarini, likasomwa barazani, na jibu likatungwa kabla pepo hazijageuka.

Watu wa Lamu, kwa hofu ya kulipiziwa kisasi, wakaomba himaya kwa Seyyid Said bin Sultan wa Omani, naye akawapelekea liwali. Hapo mlango ukafunguka, na kwa muda wa miaka ishirini na tano Seyyid Said hakuacha kuitamani Mombasa. Mwaka 1814 Abdallah bin Ahmed alipokuwa liwali wa Mazrui, alidaiwa zawadi ya utii kama ilivyokuwa desturi. Inasimuliwa kwamba alichopeleka ni deraya, na baruti kidogo, na risasi, na kibaba cha kupimia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa fumbo hilo. Msomaji anaweza kukisia jinsi mji ulivyocheka, na jinsi malenga alivyopata la kusema.

Lakini kicheko hakikudumu. Mwaka 1823 Mombasa ilinyang'anywa Pemba, kisiwa kilichokuwa ghala yake ya chakula. Mji usio na mashamba ya kutosha ukipoteza ghala hujua maana ya njaa, na katika tungo za Muyaka njaa na ufukara si maneno ya kupambia. Huyu alikuwa ni mtu aliyepata akakosa, aliyezoeleka na watu alipokuwa nacho na kusahauliwa alipokuwa hana. Alipoutunga ufukara alijua autungacho, na ndiyo maana hata leo mtu aliyefilisika akisomewa shairi lake huinamisha kichwa.

Mwezi wa Februari mwaka 1824 iliingia bandarini manowari ya Kiingereza iitwayo Leven, na nahodha wake alikuwa ni Owen. Mazrui, wakiwa wamezingirwa na vyombo vya Seyyid Said, walimwomba awape bendera ya Uingereza, naye akawapa bila ya kungoja amri ya serikali yake. Akamweka hapa ofisa kijana aitwaye Reitz, ambaye aliugua homa akafa mwaka uleule, na jina lake likabakia katika ile hori tuiitayo Port Reitz. Jina la ile manowari nalo limebakia katika Leven House, nyumba ya kale iliyoko karibu na bahari, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Himaya hiyo ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1826 Waingereza waliondoka, na mji ukabakia peke yake na adui yake.

Mwaka 1828 Seyyid Said alikuja mwenyewe na manowari zake. Kwa mapigano na kwa mapatano akaingia Ngomeni, akaweka askari wake wa Kibaluchi. Hawakukaa sana. Wenyeji waliizingira Ngome mpaka njaa ikawatoa. Seyyid Said alirudi mwaka 1829 asipate kitu, akarudi tena mwaka 1833 asipate kitu. Mji mdogo wa mawe na makuti, usio na manowari hata moja, ulimshinda mfalme wa Omani na Unguja. Hiyo ndiyo miaka ya fahari katika maisha ya Muyaka, alipokuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, na tungo zake za wakati huo ni za mtu anayejua kwamba ukuta wa mji si mawe peke yake. Alikuwa akiwatia watu ari, akiwabeza waoga, akiwakumbusha wanaume wajibu wao mbele ya wake zao na watoto wao.

Kilichoushinda mji haikuwa bunduki. Mwaka 1835 alifariki Salim bin Ahmed, na jamaa wa Mazrui wakagombana juu ya nani atakalia kiti. Mwishowe akakaa Rashid bin Salim. Mashekhe wa Thelatha Taifa walioona wamedharauliwa wakaandikiana na Seyyid Said. Kwa hivyo mwaka 1837 alipofika mara ya mwisho, nusu ya mji ilikuwa tayari imekwisha kufungua mlango. Rashid akasalimu amri. Baada ya muda mfupi wakubwa wa Mazrui, kiasi cha watu ishirini na tano, wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa chomboni, na wakafungwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Waliosalia wa ukoo huo wakahamia Takaungu na Gazi.

Muyaka aliyaona yote hayo. Aliishi kama miaka mitatu baada ya bendera ya Seyyid Said kupandishwa Ngomeni, katika mji uleule, akipita katika barabara zilezile, akisalimiana na watu waliokuwa upande huu na waliokuwa upande ule. Mimi kila nikiyafikiri maisha yake husimama hapo. Mtu aliyetumia ulimi wake miaka thelathini kuwahimiza watu wasigawanyike, alimaliza umri wake katika mji ulioangushwa na mgawanyiko. Wala hakukimbia. Alikufa Mvita, akazikwa Mvita.

Sasa naomba nitie neno langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nilizoea kutumwa kahawa kwa wazee waliokaa baraza ya nyumba ya jirani yetu. Kila jioni nilisikia wakitupiana maneno yenye vina, huyu akianza na yule akimaliza, kisha wote wakacheka kwa jambo nisilolielewa. Bibi yangu naye alipotaka kumwonya mtu nyumbani hakugomba. Alimpiga ubeti mmoja na kuendelea kuchambua mtele wake, na aliyeonywa akafahamu. Nilidhani maneno yale ni yao. Baada ya miaka mingi, niliposhika kitabu cha tungo za Muyaka, nikakuta humo sehemu ya yale niliyoyasikia barazani na jikoni. Wazee wale hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha mashairi. Walipokea kwa wazee wao, ambao nao walipokea kwa waliomsikia Muyaka.

Na hata kitabu chenyewe kilitoka midomoni. Muyaka hakukusanya tungo zake. Kwa muda wa miaka kama arobaini baada ya kufa kwake zilikuwa zimo vichwani mwa watu tu, zikipungua kila maiti ya mzee ilipotolewa. Mwanachuoni mmoja wa hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ndiye aliyefanya kazi ya kuzitafuta. Aliandika alizokuwa nazo kifuani, akazunguka kwa wazee kuuliza walizonazo, akaeleza zilitungwa kwa sababu gani na kwa kumjibu nani. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, aliyekipenda na kukijua Kimvita kuliko wageni wengi wa zama zake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Laiti asingeanza, au laiti angefariki miaka kumi kabla, leo jina la Muyaka lingekuwa ni jina tu.

Karatasi hizo zikaenda Uingereza, na hadi leo zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha London. Mwaka 1940 William Hichens alizitoa kwa jina la Diwani ya Muyaka, kitabu kilichochapishwa Johannesburg, naye alipata msaada wa Sheikh Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa liwali, mtu aliyekuwa hazina ya habari za mji huu. Ile barabara nyingine kubwa ya Mji wa Kale sasa ina jina lake. Kisha mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa, alitoa utafiti wake juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19. Kwa hivyo tukihesabu, imepita zaidi ya miaka mia na thelathini baina ya kifo cha malenga na siku aliyoelezwa kikamilifu na mtu wa mji wake mwenyewe.

Hapo katikati yalipita mambo mengine. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapahapa Mombasa, na katika mkutano huo ikakubaliwa kwamba Kiswahili kitakachofundishwa shuleni katika nchi zote za Afrika Mashariki kisimamishwe juu ya Kiunguja. Kamati ya lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930. Sisemi kwamba Kiunguja si lugha nzuri. Kimetuunganisha na watu wengi, na gazeti hili laandikwa kwacho. Lakini mtoto wa Ndia Kuu aliyekwenda shule tangu wakati huo alisahihishwa kwa wino mwekundu alipoandika kama asemavyo mamake. Akafunzwa kwamba usemi wa kwao ni makosa, hali ndio uliotumiwa na mmoja wa malenga wakubwa kabisa wa lugha hii. Kijana wa namna hiyo akifungua diwani ya Muyaka atahitaji faharasa ya maneno kana kwamba asoma lugha ya wageni.

Hata hivyo mti haukukauka. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, na jina tu la kitabu lasema yeye ni mrithi wa nani. Nduguye, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wa kisiasa alioutoa mwaka 1968, alitunga mashairi kifungoni na kuyatoa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Aliyezowea kumsoma Muyaka hatashangaa kuona malenga wa Mombasa akimwambia mwenye amri maneno mazito kwa vina na mizani. Ni desturi ya mji huu.

Lakini malenga hulelewa na baraza, na baraza hukaliwa na watu. Hili ndilo linalonitia wasiwasi ninapoitazama Ndia Kuu. Nyumba nyingi zilizokuwa za ukoo mmoja zimegawanywa vyumba au zimeuzwa. Urithi ukiwa wa watu ishirini, hakuna mmoja awezaye kuezeka upya, na nyumba ya mawe na chokaa isiyotazamwa misimu michache ya mvua huanza kumomonyoka. Vijana wamehamia Bondeni, Majengo, Kizingo na Nyali, wengine Ughaibuni. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutafuta nafasi na riziki. Tena yako mambo ya kushukuru: Mji wa Kale umehifadhiwa kwa sheria, na Ngome imetiwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini sheria huhifadhi roshani na mlango. Yale yaliyosemwa chini ya roshani hayamo katika sheria.

Kwa hivyo nasema, wasomaji wangu, kwamba kila mmoja wetu anaweza kuwa Mwalimu Sikujua wa nyumba yake. Si lazima uwe mwanachuoni. Yuko mzee katika ukoo wako ajuaye nyumba ipi ilikuwa ya nani, kisima kilikuwa wapi, nani alimtungia nani shairi la mafumbo katika harusi fulani, na jawabu lake lilikuwa nini. Kaa naye baada ya magharibi, umwandike kama asemavyo, usimsahihishe. Andika ndia pale asemapo ndia. Muulize neno hilo lina maana gani na lilitumika lini. Uandike na jina lake na siku mliyozungumza, kwani tungo isiyo na kisa chake ni nusu tungo.

Muyaka aliuona mji wake ukianguka kwa kukosa kusikilizana, na maneno yake yakaokoka kwa sababu mtu mmoja alikubali kuketi na kuwasikiliza wazee kabla hawajaondoka. Sisi wazee wetu bado wapo, japo wanapungua. Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka bin Haji, na Mwalimu Sikujua, na wote waliotutangulia katika mitaa ile, na sisi atupe moyo wa kuhifadhi walichotuachia. Amin.